Hasira ya kuchagua: maana yake

Hasira ya kuchagua ni ile inayouliza kwanza jina la mtuhumiwa, halafu ndiyo iamue kama itawaka. Mkubwa fulani anatajwa kwamba amebaka, au amemtumia mtoto. Akiwa wa upande wa pili, tunapaza sauti na kutaka afungwe leo leo. Akiwa wa kwetu, tunakumbuka ghafla kwamba kuna uchunguzi, kuna subira, kuna jina la mtu lisilofaa kuchafuliwa. Kosa ni lile lile na mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni chama, kabila, kanisa au kijiji cha aliyelitenda.

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, nimeisikia mara nyingi, lakini siku moja niliiona inavyozaliwa. Nilikuwa mtaa wa Kadutu, kwenye kibanda cha mama mmoja anayesuka nywele. Mtu aliingia na habari kutoka kwenye simu: kiongozi ameshitakiwa kwa sababu ya msichana mdogo. Habari yenyewe haikuwa imemalizika kusomwa pale kijana aliyekuwa anachajisha simu yake alipouliza, "Ule ni wa wapi?" Akatajiwa kwao. Papo hapo wawili wakapandisha sauti, watatu wakanyamaza, na mmoja akasema haya ni mambo ya siasa, kuna mtu anataka kiti chake. Mama msusi, vidole bado viko kwenye nywele za mteja, akauliza, "Na mutoto, ana miaka ngapi?" Hakuna aliyejua. Hakuna aliyekuwa amefika kwenye mstari huo wa habari.

Maana yote ya dhana hii imo katika mpangilio wa maswali yale mawili.

Watu wengi huiita unafiki, na si kosa. Lakini tusiichanganye na upofu. Methali ya nyani asiyeona kundule inamhusu mtu asiyejiona. Huyo ukimwonyesha, pengine ataona haya na kubadilika. Mnafiki wa kisiasa anaona vizuri sana. Anajua kilichotendeka, anajua kingekuwa kimemkasirisha kama kingetendwa na mpinzani, kisha anapima faida na hasara yake. Ndiyo maana mara nyingi hasemi uongo wowote. Anachagua tu ukweli wa kusema na siku ya kuusema.

Tena kuna uoga, nao ni kitu kingine. Mkubwa wa kwetu huwa analisha watu wengi. Ndiye aliyelipa karo ya watoto wa binamu, aliyenunua mabati ya kanisa, aliyetoa gari la kubeba jeneza siku ya msiba. Mama wa mtoto aliyeharibiwa anaweza kuwa anaishi kwenye nyumba ya mtu huyo huyo. Akinyamaza, siwezi kumwita mnafiki. Vivyo hivyo baba anayeitwa usiku na wazee, akaambiwa apokee mbuzi na pesa kidogo ili mambo yamalizike kinyumbani, huku mlangoni wamesimama vijana asiowajua. Unafiki ninaouzungumzia ni wa yule mwenye uwezo wa kusema bila kupoteza chakula: mheshimiwa mwenye kipaza sauti, mchungaji mwenye waumini elfu, msemaji wa chama, sisi wenye simu na muda wa kubishana. Hao wakinyamaza kwa wa kwao na kupiga kelele kwa wa wenzao, wanamgeuza mtoto kuwa jiwe la kumpigia adui. Adui akishaanguka, jiwe linaachwa njiani.

Jambo hili si la Kongo peke yake. Huko Marekani, tajiri Jeffrey Epstein alikubali makosa ya ngono yanayohusu msichana mdogo mwaka 2008 katika jimbo la Florida, akakaa jela miezi kama 13 tu, tena akiruhusiwa kutoka mchana kwenda ofisini. Alikamatwa upya Julai 2019, akafa kwenye seli New York mwezi uliofuata kabla kesi yake haijaanza. Alikuwa amezoeana na wakubwa wa vyama vyote viwili vya nchi ile. Basi tangu hapo kila upande umekuwa ukidai majina ya wakubwa waliohusiana naye yatolewe, na kila upande unayasoma majina ya wapinzani kwa sauti na ya kwao kwa kunong'ona. Wanawake walioteseka wakiwa wasichana wamelazimika kurudi mara kwa mara mbele ya kamera kuwakumbusha watu kwamba wao ndio wenye kesi.

Tunawasema Wamarekani kwa urahisi, kwa sababu wako mbali. Tugeukie kwetu, ambapo vita vimeifanya hasira hii kuwa kazi ya kila siku. Septemba 2025, wachunguzi wa ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa walitoa ripoti juu ya Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Walikuta maovu makubwa, ubakaji ukiwemo, kwa waasi wa M23, kwa jeshi la serikali FARDC, na kwa Wazalendo, makundi yenye silaha yanayopigana upande wa serikali. Halafu sikiliza inavyosimuliwa. Anayeunga mkono upande mmoja anahesabu wanawake waliobakwa na upande mwingine, mmoja mmoja, kwa uchungu wa kweli. Akifika kwa wale wa upande wake, anasema ni propaganda. Mwanamke aliyebakwa na "mtetezi" wake anabaki bila mtu wa kumlilia, na hilo linaniuma kuliko kelele zote.

Mtu atauliza: je, kusubiri mahakama nako ni unafiki? Hapana. Kutuhumiwa si kuhukumiwa, na hapa kwetu shitaka la uongo linaweza kumfanya mtu achomwe tairi barabarani. Anayesema "tungoje hukumu" kwa adui yake kama anavyosema kwa rafiki yake ni mtu wa haki, hata kama maneno yake yanatukera. Pima kwa kulinganisha. Chukua kauli yake ya leo, itafute ile aliyotoa mwaka jana wakati mtuhumiwa alikuwa wa upande mwingine, uziweke pamoja.

Kuhusu cheo, sheria yetu haikuacha nafasi ya kubishana. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inasema wazi kwamba hadhi ya kiserikali ya mtu haimwondolei hatia ya ubakaji wala haimpunguzii adhabu. Mwenzake, namba 06/019 ya siku ile ile, inakataza kesi ya namna hii kumalizwa kwa faini ya mapatano, yaani mtuhumiwa kulipa pesa ili kesi ifungwe. Wabunge waliyaandika hayo kwa sababu walijua wakubwa hutumia nini kujificha. Na bado sheria hiyo huwa tunaisoma kwa sauti tu pale inapomgusa mtu wa wengine.

Kwa hiyo ni lazima nitaje Kavumu, kilomita kama 30 kutoka hapa, njia ya uwanja wa ndege. Kati ya 2013 na 2016, zaidi ya wasichana 40 walichukuliwa usiku kutoka vitandani mwao, wakabakwa, wakatupwa mashambani. Mdogo kuliko wote hakuwa ametimiza miaka miwili. Waliletwa hospitali ya Panzi, madaktari wakawashona, na familia zikarudi kulala katika nyumba zile zile zenye milango ya mbao. Waliofanya hivyo, kundi la wanamgambo, waliamini damu ya bikira ingewakinga na risasi. Mtetezi wa haki za binadamu aliyekuwa anafuatilia kundi hilo aliuawa Machi 2016. Mkuu wa kundi, Frederic Batumike, alikuwa mbunge wa jimbo, akiketi kwenye bunge hapa hapa mjini. Alikamatwa Juni 2016.

Miaka mitatu. Mji huu una redio nyingi, una makanisa kila mtaa, una vyama vya siasa visivyohesabika. Tulikuwa na hasira ya kutosha kwa mambo mengine katika miaka ile, nakumbuka maandamano na nakumbuka nyimbo zake. Watoto wa Kavumu walikuwa watoto wa wakulima, na aliyetajwa alikuwa mheshimiwa. Wakubwa waliojua ni nani aliyekuwa anatajwa kijijini walikuwa na sababu zao za kutosikia.

Kesi ilisikilizwa Kavumu kwenyewe, Novemba na Desemba 2017, na mahakama ya kijeshi. Tarehe 13 Desemba, Batumike na wenzake kumi walihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya binadamu, na Julai 2018 hukumu ikathibitishwa kwenye rufaa. Mashahidi walitoa ushahidi wakiwa wamefunikwa ili wasitambulike, na sauti zao zikabadilishwa. Walikuwa wanamshitaki mtu aliyekuwa tayari yuko gerezani, chini ya ulinzi wa askari, na bado hawakuweza kuonyesha nyuso zao kwa majirani.