Mpokeaji asiye na mbio: darasa la Lionel Taylor, kutoka Denver hadi London

Kila Jumamosi asubuhi nafundisha wapokeaji wa futiboli ya Marekani kwenye kiwanja kimoja cha nyasi hapa Birmingham, Uingereza. Ni timu ya ridhaa. Vijana wengine wanakuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Yupo mmoja, mzaliwa wa Bukavu, mwenye mbio za kutisha. Wiki yake ya kwanza nilimtaka akimbie taratibu huku akihesabu hatua zake kwa sauti. Alivumilia mara tatu, ya nne akanijia amenuna: "Kaka, mimi niko na mbio. Mbona unanirudisha nyuma?"

Nilimwahidi jibu refu. Jibu lenyewe ni mtu, anaitwa Lionel Taylor.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya mpokeaji, maana wasomaji wangu wengi mchezo huu huuona mara moja tu kwa mwaka, usiku wa fainali yake, Super Bowl. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Mrusha pasi, yaani kwotabeki, anasimama nyuma ya ukuta wa watu watano wanaomkinga, na ukuta huo husimama kama sekunde tatu hivi kabla haujaanza kubomoka. Mpokeaji naye anachomoka pembeni na kufuata njia iliyopangwa: pengine yadi 12 kisha akate ndani, pengine yadi tano kisha ageuke amtazame mrushaji. Kinachowashangaza wageni ni kwamba mpira hurushwa kabla mpokeaji hajageuka. Unarushwa mahali ambapo anatakiwa awepo. Akipiga hatua saba badala ya sita, mpira unafika pasipo na mtu, au unamkuta beki wa wapinzani anausubiri kwa raha zake. Ndiyo maana nahesabisha hatua.

Taylor alizaliwa tarehe 15 Agosti 1935 Kansas City, Missouri, akasoma New Mexico Highlands, chuo kidogo katika mji unaoitwa Las Vegas. Si ile Las Vegas ya kamari. Hii ni ya New Mexico, mji mdogo chini ya milima. Huko alicheza pia mpira wa kikapu na riadha. Mwaka 1959 Chicago Bears walimchukua wakamweka kwenye ulinzi, nafasi isiyo yake, na hakudumu.

Mwaka 1960 ikazaliwa ligi mpya, AFL, yenye timu nane zilizothubutu kushindana na NFL, ligi kubwa iliyokuwepo tayari. Mojawapo ilikuwa Denver Broncos, na umaskini wake haukufichika. Jezi zao zilikuwa za kahawia na njano, na soksi zao zilikuwa na mistari ya kusimama wima, nguo zilizokwisha kutumika kwenye mechi moja ya vijana wa vyuo. Wachezaji walizionea aibu soksi zile hadi mwaka 1962 zilipochomwa moto hadharani. Mrusha pasi wao, Frank Tripucka, alikuwa amekuja Denver kufundisha, akaishia kuvaa jezi mwenyewe.

Taylor alijiunga nao ligi ikiwa imeshaanza. Msimu huo alidaka pasi 92. Rekodi ya NFL wakati ule ilikuwa 84, ya Tom Fears, iliyowekwa mwaka 1950. Mwaka uliofuata, 1961, Taylor akafikisha pasi 100 kamili, mtu wa kwanza katika historia ya futiboli ya kulipwa kufika hapo ndani ya msimu mmoja. Broncos walishinda mechi tatu na kufungwa 11.

Nataka uzitazame tarakimu za 1961 kwa makini, maana ndani yake mna darasa zima. Pasi 100, yadi 1,176, tachidauni (kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) nne tu. Maana yake kila akidaka alikuwa anapata chini ya yadi 12. Mwanariadha mwenye kasi hapati takwimu za namna hiyo, kwani yeye hudaka chache, zikiwa ndefu, nyingine zikiishia golini. Taylor alikuwa akidaka katikati ya msitu wa mabeki, yadi nane, yadi 11, yadi 13, anaangushwa, anainuka, anarudi tena. Kasi ya kutisha hakuwa nayo, na waliomwona akicheza walilisema hilo waziwazi. Alichokuwa nacho ni mikono, na namna ya kukata njia iliyomfanya beki aegemee upande usio wake.

Kukata njia kunaelezeka, na ndicho ninachofundisha. Beki hatazami miguu wala macho yako. Beki aliyefunzwa anatazama nyonga, kwa sababu nyonga haidanganyi: ikishuka, unataka kusimama, na ikigeuka, unataka kwenda huko. Kwa hiyo mpokeaji asiye na mbio lazima ajifunze kuzificha nyonga zake hadi hatua ya mwisho. Anakimbia kila njia kwa mwendo uleule na mwinamo uleule wa kifua, kisha katika hatua mbili fupi anashuka, anaukita mguu wa nje na kugeuka. Mwenye mbio nyingi ndiye anayetaabika hapa, kwani breki zake zinahitaji hatua nne au tano, na beki amekwisha kumsoma. Kuhusu mikono, mpira unaokuja juu ya kifua unadakwa vidole gumba vikiwa pamoja, unaokuja chini ya kiuno unadakwa vidole vidogo vikiwa pamoja, na macho yanausindikiza mpira mpaka uingie kwapani. Yanaonekana mambo ya watoto, lakini pasi nyingi zinazoanguka kwenye kiwanja chetu huanguka kwa sababu macho yaliondoka mapema.

Kati ya 1960 na 1965 Taylor aliongoza AFL kwa pasi alizodaka katika misimu mitano kati ya sita. Ulioponyoka ni wa 1964, Charley Hennigan wa Houston alipodaka 101. NFL yenyewe ikasubiri hadi 1984 kumpata wa kuipita rekodi ya Hennigan, Art Monk wa Washington, kwa pasi 106. Taylor aliondoka Denver baada ya msimu wa 1966 akiwa na pasi 543, rekodi ya klabu iliyodumu zaidi ya miaka 30. Akamalizia Houston na jumla ya 567. Katika misimu yake saba Denver, hakuna hata mmoja ambao timu ilimaliza ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Mwaka 1984 Broncos walipoanzisha ukuta wao wa heshima, jina lake lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuandikwa.

Hadithi nyingi zake huishia hapo, na mimi hapo ndipo ninapoanzia. Kwetu Tanga mchezaji akihojiwa baada ya mechi hasemi "kocha", husema "mwalimu": mwalimu alituelekeza tupite pembeni, mwalimu aliona udhaifu wao. Neno hilo linamfaa Taylor kuliko watu wengi ninaowajua katika mchezo huu, kwa sababu kipaji chake kilikuwa cha aina inayoweza kupitishwa kwa mtu mwingine. Mbio huwezi kumwachia mwanafunzi. Hatua unaweza.

Mwaka 1970 alikwenda Pittsburgh Steelers kufundisha wapokeaji chini ya kocha mkuu Chuck Noll. Mwaka 1974 Steelers wakawachukua vijana wawili: Lynn Swann, kutoka chuo kikubwa cha USC, na John Stallworth, kutoka Alabama A&M, chuo cha Wamarekani weusi ambacho vilabu vingi havikukitazama. Wote wawili waliingia mikononi mwa Taylor, na alikaa nao misimu yao mitatu ya mwanzo. Katika misimu hiyo Steelers walitwaa Super Bowl mbili. Ya pili, Miami, Januari 1976, walishinda 21 kwa 17 dhidi ya Dallas, na Swann, aliyekuwa amelazwa hospitali kwa kuumia kichwa wiki mbili tu kabla, alidaka pasi nne kwa yadi 161, akawa mchezaji bora wa mechi. Moja ya pasi hizo aligombea hewani na beki, mpira ukamtoka, akaanguka juu ya mtu huku macho hayajauacha mpira, akaudaka akiwa njiani kwenda chini. Nimewaonyesha vijana wangu picha ile mara nyingi kuliko picha nyingine yoyote. Huwa nawaambia wasahau kuruka kwake, watazame macho tu. Leo Swann na Stallworth wote wamo katika jumba la magwiji wa mchezo huo, Canton, Ohio.

Mwaka 1977 Taylor akahamia Los Angeles Rams. Na hapa kuna kisa ambacho, kwa mtu wa kazi yangu, kinaumiza na kufurahisha kwa wakati mmoja.

Tarehe 20 Januari 1980, Rams waliomaliza msimu kwa ushindi wa mechi tisa na vipigo saba walijikuta kwenye Super Bowl, uwanja wa Rose Bowl, Pasadena, mbele ya watu 103,985. Wapinzani wao walikuwa Steelers. Kwenye benchi la Rams alikuwepo Taylor, na alikuwepo Bud Carson, aliyewahi kuongoza ulinzi wa Steelers hao hao. Walikuwa wanaijua nyumba ile hadi uvunguni. Na kwa robo tatu ilionekana hivyo. Katika robo ya tatu Billy Waddy alidaka pasi ya yadi 50. Mara tu baada ya hapo Rams wakampa mpira mkimbiaji, Lawrence McCutcheon, naye badala ya kukimbia akaurusha kwa Ron Smith, yadi 24, tachidauni. Hao walikuwa wapokeaji wa Taylor, na Rams wakaingia robo ya nne wakiongoza 19 kwa 17.

Kilichowaangusha ni wanafunzi wake wa zamani. Swann alikuwa ameshafunga kwa yadi 47 mapema katika robo ya tatu. Kisha, robo ya nne, Stallworth akaanzia nafasi ya ndani, akakimbia, akajifanya anakatika kama ndoano kumtazama mrushaji, na beki alipoegemea akanyooka mbele. Mpira wa Terry Bradshaw, mrusha pasi wa Steelers, ulipita juu kidogo tu ya vidole vya Rod Perry, beki wa Rams, ukatua mikononi mwa Stallworth akiwa mbioni. Yadi 73. Baadaye akadaka nyingine ya yadi 45. Mwisho ukawa 31 kwa 19.

Itazame tena njia ile ya Stallworth: kukatika kwa uongo, nyonga zilizofichwa, macho yaliyosindikiza mpira kutoka nyuma ya bega. Yule mtu aliyesimama upande wa pili akiitazama, akiwa amevaa rangi za Rams, aliwahi kusimama na kijana huyo mazoezini miaka mitatu. Nikiifikiria siku ile nawaza kuhusu yeye kuliko waliobeba kombe.

Mwaka 1980 Rams wakampa Taylor uongozi wa mashambulizi yote. Kwa mtu mweusi katika NFL ya wakati huo kilikuwa kiti cha nadra mno. Makocha weusi walikuwa wanapewa wapokeaji au wakimbiaji, na ngazi ikakatikia hapo. Kocha mkuu mweusi wa kwanza wa NFL ya kisasa, Art Shell, alikuja mwaka 1989. Taylor hakuwahi kupewa nafasi hiyo. Kwa maoni yangu aliistahili. Alipita chuo cha Oregon State, akawa kocha mkuu wa chuo cha Texas Southern huko Houston kuanzia 1984 hadi 1988, akarudi NFL kwa Cleveland Browns. Kisha akavuka bahari.

NFL ilikuwa imeanzisha ligi ya masika Ulaya mwaka 1991, ikaisimamisha baada ya 1992, ikairudisha 1995 ikiwa na timu sita: Amsterdam, Barcelona, Frankfurt, Düsseldorf, Scotland na London. London Monarchs ndio waliokuwa mabingwa wa kwanza, Wembley, Juni 1991. Lakini London aliyoikuta Taylor ilikuwa nyingine. Monarchs walikuwa wakichezea White Hart Lane ya Tottenham, na kiwanja hakikutosha yadi 100, wakaruhusiwa kucheza kwenye yadi 93. Katikati ya msimu wa 1996 Taylor akapandishwa kuwa kocha mkuu.

Kazi ile ilihitaji mwalimu hasa. Kikosi kilikuwa mchanganyiko wa Wamarekani waliotumwa kwa wiki chache kutafuta nafasi ya kurudi nyumbani, na wazawa ambao kanuni ziliitaka timu iwape nafasi uwanjani. Mwaka 1996 alikuwemo William Perry, lile jitu la Chicago Bears waliotwaa ubingwa miaka kumi nyuma. Mwaka 1997, timu ilipohamia Stamford Bridge, mpiga mpira wake kwa mguu alikuwa Clive Allen, mshambuliaji wa soka aliyewahi kuifungia Tottenham mabao 49 katika msimu wa 1986/87. Katika ligi ile, mpira uliopigwa ukapita kati ya milingoti kutoka zaidi ya yadi 50 ulihesabiwa pointi nne badala ya tatu, hivyo miguu ya soka ilikuwa na thamani yake.

Mwaka 1998 waliitwa England Monarchs na wakawa wahamaji: Crystal Palace, Bristol, na hapa Birmingham, Alexander Stadium. Wasomaji wa Kenya wanaujua uwanja huo kwa sababu nyingine, maana ndipo Ferdinand Omanyala alipotwaa dhahabu ya mita 100 ya Jumuiya ya Madola, Agosti 2022. Baada ya msimu ule timu ikafungwa, na nafasi yake katika ligi ikaenda Berlin.

Kijana wa Bukavu nilimpeleka nje ya uwanja huo mwezi uliopita, nikamsimulia haya yote tukiwa tumeegemea uzio. Aliuliza swali moja tu: Taylor alihesabu hatua ngapi kwa njia ya yadi 12? Nikamwambia kwamba kwa urefu wa miguu yake yeye, hatua ni saba, na ya saba ni ya mguu wa nje. Jumamosi iliyofuata nilimkuta kiwanjani kabla yangu, peke yake, akihesabu.