Kosa kwenye maombi ya viza ya masomo: lirekebishe lilikozaliwa, na uwe wa kwanza kulisema

Fomu imeshatumwa, ada imelipwa, na sasa unapitia nakala yako unagundua tarehe ya kuzaliwa imegeuzwa: 05/09 imekuwa 09/05. Wengi hapo hukimbilia kujaza fomu nyingine na kulipa upya. Subiri kwanza. Katika nchi nyingi, maombi mawili ya mtu mmoja yenye majibu tofauti huleta maswali mengi kuliko tarehe iliyogeuka. Marekani ni kinyume kabisa: huko fomu mpya ndiyo njia yenyewe ya kusahihisha. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, jua kosa lako ni la aina gani na limetokea wapi.

Kuna kosa la uandishi: herufi, tarehe, namba ya pasipoti. Kuna mabadiliko: jibu lilikuwa kweli siku ulipojaza, ila sasa mambo ni mengine, kwa mfano mdhamini amejitoa au tarehe ya kuanza masomo imesogezwa. Na kuna jambo lililoachwa au kusemwa vingine, kama vile kuandika "hapana" penye swali la iwapo umewahi kunyimwa viza. Hilo la tatu ndilo linaloweza kumfungia mtu milango kwa miaka, hata kama alisahau tu, kwa sababu afisa anaona karatasi. Nia yako haioni. Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand hupeana taarifa za waombaji, zikiwemo alama za vidole. Kunyimwa viza na nchi moja si siri kwa nyingine.

Kisha fuata mnyororo wa karatasi. Pasipoti huzaa barua ya chuo, barua ya chuo huzaa fomu. Jina likiwa na kosa kwenye barua ya chuo, kusahihisha fomu peke yake kunaongeza tofauti badala ya kuipunguza. Anza juu. Kama pasipoti ndiyo yenye kosa, ofisi ya uhamiaji iliyoitoa ndiyo ya kwanza. Kama ni I-20, hati ambayo chuo cha Marekani humpa mwanafunzi wa kigeni aliyekubaliwa, mwombe afisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi hao airekebishe kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa rekodi za wanafunzi wa kigeni, na akutumie hati mpya. Namba ya SEVIS, ile inayoanza na herufi N, kwa kawaida hubaki ileile, hivyo ada ya SEVIS (I-901) ya dola 350 uliyokwisha kulipa hailipwi tena. Usikubali kutolewa rekodi mpya yenye namba mpya kwa ajili ya herufi moja bila kuuliza sababu. Kwa Uingereza, makosa madogo kwenye CAS, yaani uthibitisho wa kukubaliwa masomoni unaotolewa na chuo, chuo huyasahihisha kwa kuongeza maelezo kwenye CAS hiyohiyo. CAS hutumika kwa maombi ya mara moja tu, kwa hiyo liulize hili kabla ya kutuma fomu.

Majina yanastahili kuangaliwa mara mbili. Tazama chini ya ukurasa wa picha kwenye pasipoti: mistari miwili ya herufi 44 kila mmoja, yenye alama za < katikati. Mashine za ubalozi na za uwanja wa ndege husoma hapo. Kilicho kabla ya << ni jina la ukoo, kinachofuata ni majina mengine. Hata kama wewe huliita jina la babu yako "jina la tatu", fomu ifuate mgawanyo huo. Asiye na jina la kwanza kwenye pasipoti, Marekani humwandikia FNU (kifupi cha Kiingereza cha "jina la kwanza halijulikani") mahali pake. Hilo si kosa, na halihitaji kurekebishwa. Vilevile chunga sifuri na herufi O. Namba ya chuo inayotakiwa na Kanada, DLI, huanza na herufi O, na kila msimu kuna wanaoandika sifuri.

Sasa njia zenyewe.

Marekani: DS-160, fomu ya mtandaoni ya maombi ya viza, ikishatumwa haifunguki. Ingia tena kwenye mfumo kwa namba yako ya zamani, herufi tano za mwanzo za jina la ukoo, mwaka wa kuzaliwa na jibu la swali la usalama, kisha anzisha fomu mpya inayobeba majibu ya zamani. Rekebisha kilichokosewa, soma upya ukurasa baada ya ukurasa, tuma. Utapata namba mpya inayoanza na AA. Hapa ndipo wengi huanguka: fomu wameisahihisha, lakini kwenye akaunti ya miadi imebaki namba ya zamani. Ibadilishe mapema, maana kuna balozi zinazomrudisha mwombaji mlangoni namba zisipolingana. Ada ya viza hailipwi upya kwa sababu ya fomu mpya. Siku ya usaili beba kurasa zote mbili za uthibitisho, ya zamani na mpya.

Uingereza: ukigundua kosa kabla ya kutoa alama za vidole, unaweza kuyaondoa maombi, ukarudishiwa ada, na kuanza upya. Kama kosa ni kubwa, hiyo ndiyo njia safi kuliko zote. Baada ya alama za vidole, wasiliana na idara ya viza kwa maandishi ukitaja namba ya maombi.

Kanada: maombi yakishapokelewa, marekebisho hupelekwa kupitia fomu ya mtandaoni ya idara ya uhamiaji, ukiambatanisha barua na ushahidi. Australia wamelirahisisha zaidi: ndani ya ImmiAccount, akaunti ya mtandaoni ya maombi ya viza, kuna taarifa ya majibu yasiyo sahihi, inayojulikana kama Fomu 1023, na nyingine ya mabadiliko ya hali, Fomu 1022. Usizichanganye. Ukipeleka kosa kama "mabadiliko", umesema kwamba jibu la kwanza lilikuwa kweli.

Barua ya maelezo isizidi ukurasa mmoja. Afisa hana muda wa historia ya familia. Inatosha hivi, kwa lugha inayotumiwa na ubalozi huo:

"Namba ya maombi: … Kwenye swali la tarehe ya kuzaliwa niliandika 9 Mei 2005. Tarehe sahihi ni 5 Septemba 2005, kama ilivyo kwenye pasipoti namba … Nilichanganya mpangilio wa siku na mwezi. Nimegundua kosa hili tarehe … Nimeambatanisha nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti. Majibu mengine yote yanabaki kama yalivyo."

Sentensi ya mwisho iandike tu baada ya kusoma fomu nzima upya. Ukileta barua ya pili wiki ijayo kusahihisha kosa lingine, ya kwanza inapoteza nguvu. Mwezi uandike kwa jina, si kwa tarakimu. Usirekebishe mkanganyiko kwa mkanganyiko.

Kuhusu fedha, mdhamini akibadilika usiingize taarifa ya benki ya mtu mwingine kimyakimya. Peleka barua ya mdhamini mpya, uthibitisho wa uhusiano wenu, taarifa zake za benki, na mstari mmoja unaosema wa kwanza amejitoa.

Kama kosa hujapata nafasi ya kulipeleka kabla ya usaili, liseme mwenyewe mwanzoni, kabla ya swali la kwanza ikiwezekana. Kwa utaratibu wa Marekani, maelezo yasiyo ya kweli yakifutwa na mwombaji kwa hiari yake na kwa wakati, kabla hayajagunduliwa, hayahesabiwi dhidi yake. Yakishagunduliwa na afisa, kukiri hakufuti kitu. Na gharama si ndogo: Kanada hufunga mlango kwa miaka 5, Uingereza huweza kufika 10, Australia 3, au 10 uwongo ukihusu utambulisho. Marekani zuio ni la maisha, isipokuwa upate msamaha maalumu.

"Wakala ndiye aliyejaza" si utetezi. Tamko la mwisho limesainiwa kwa jina lako. Mdai wakala nakala kamili ya fomu iliyotumwa, nywila ya akaunti, na uhakikishe barua pepe iliyosajiliwa ni yako. Wakala anayekataa kukuonyesha alichoandika anaficha jambo, na wewe ndiye utakayelilipia.

Viza ikitoka, isome palepale: jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, tarehe za uhalali. Kwenye viza ya Marekani angalia pia jina la chuo na namba ya SEVIS zilizochapwa chini. Kosa likiwepo, rudisha pasipoti ubalozini. Usichore wala kufuta chochote kwa kalamu. Kwa Kanada, kibali chenyewe cha masomo huchapwa ukifika mpakani au uwanja wa ndege. Usiondoke mezani kwa afisa kabla ya kukisoma, hasa sehemu ya masharti: mara nyingine maneno ya ruhusa ya kufanya kazi nje ya chuo huachwa kwa wanaostahili. Pale mezani ni kuomba tu achape upya. Ukishaondoka, ni maombi mengine na kusubiri kwingine.