Spitfire, Hurricane na uongo wa kijiweni

Juzi pale gereji Unga Limited, Arusha, chalii mmoja katufungulia video ya Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, iliyofufuliwa inaruka huko Uingereza, basi kazi zikasimama, kila mtu ana stori yake na nyingi aisee sio kweli kabisa.

Eti Spitfire ndo iliwaokoa Waingereza 1940, Wajerumani walipowashambulia kwa ndege. Hapana bana, Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Waingereza, ndo zilikuwa nyingi na ndo zilitungua ndege nyingi zaidi za Wajerumani mwaka ule, Spitfire imebaki na jina kwa vile ni nzuri kwa sura (haya, na spidi pia, nisitukanwe). Eti marubani wote Waingereza: kikosi cha Hurricane kilichotungua nyingi kuliko vyote kilikuwa cha Wapoland, cha 303, na rubani wa mwisho aliyebaki kwenye mapigano yale, John Hemingway, aliyefariki Machi 2025 akiwa na miaka 105, alikuwa mtu wa Ireland.

Halafu hii ya "mashine isiyo na kasoro". Injini ya Spitfire, Merlin, ilikuwa na kabureta ya floti, ile yenye chemba ya mafuta na boya ndani. Rubani akiinamisha pua ghafla mafuta yanarukia juu ya chemba, injini inakohoa inakata, wakati injini ya Mjerumani ilikuwa inapuliziwa mafuta kwa nozeli, anazama zake chini anapotea. Machalii wakabisha, mzee wetu wa gereji, tunamwita Babu, akachukua kabureta ya bodaboda iliyokuwa mezani bado na petroli, akaigeuza chini juu, ikamwagikia suruali ya mwenye video. "Umeona sasa?" Aliyetibu ule ugonjwa 1941 ni mwanamke, injinia Beatrice Shilling, kaweka kipande cha chuma kama washa ya bolti, kitundu katikati, mafuta yapite kiasi tu. Basi. Na huyo mama alikuwa mkimbiza pikipiki wa mashindano pale Brooklands, alishazungusha zaidi ya kilomita 160 kwa saa.

Wengine wanadhani ndege iliyofufuliwa ni ile ile ya vita, imepigwa rangi tu. Chukua Spitfire namba P9374, ilitua kwa shida ufukweni Calais, Ufaransa, Mei 1940, mchanga ukaimeza, ikaonekana tena 1980, ikatengenezwa mpaka ikaruka na 2015 ikauzwa London pauni milioni 3.1 (sehemu ya hela ikaenda kwa watu wanaolinda simba na chui, mambo ya huku kwetu hayo). Sasa bati lililokaa miaka 40 kwenye maji ya chumvi utarukia? Mabati mengi ni mapya, kinachobeba jina ni kibati cha namba na vipande vilivyopona. Babu kasema kama Land Rover yake tu, injini sio yake, bodi sio yake, kadi ni ile ile.

Ya mwisho ndo iligusa huku kwetu. Roald Dahl, yule wa vitabu vya watoto, alikuwa mfanyakazi wa Shell Dar, na watu wanasema alitunguliwa Libya. Wanasema hivyo kwa sababu gazeti la Marekani 1942 lilitoa stori yake na kichwa kikasema hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba Septemba 1940 alikuwa anapeleka Gladiator, ile ya mabawa ya juu na chini, kwa kikosi chake, kaelekezwa vibaya, giza linaingia, mafuta yanaisha, akajaribu kutua jangwani akagonga jiwe. Fuvu likapasuka, akakaa haoni kwa wiki kadhaa. Hakuna adui hata mmoja aliyekuwepo. Mwaka uliofuata huyoo kwenye Hurricane, Ugiriki.

Nikawaambia urubani alijifunzia Nairobi na kwamba Novemba 1939 alitoka Dar kwa gari kwenda kujiandikisha.

"Kwa barabara ipi?" Babu akauliza. "Maana lazima alipita hapa."

"Hapana Babu, lazima alipita Taveta, kule mpakani Kenya," kasema wa suruali.

Na hapo ndo hakuna gari lililotengenezwa tena siku ile.