Ndimu haitoshi: kuosha udongo wenye risasi

Kila ninapoeleza kwamba asidi iliyomo kwenye ndimu hutumika kuosha udongo wenye risasi, ile metali nzito ya kwenye betri, hakosi mtu wa kuniuliza: "Kwa hiyo nikamue ndimu nimwagie shambani?" Tafadhali usimwage.

Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilipakana na nyumba za watu. Risasi ikaingia udongoni, ikaingia na kwenye damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na udongo nao usafishwe. Unasafishwaje?

Risasi haiozi. Hung'ang'ania udongo, hasa wa mfinyanzi, na mvua haiibandui. Asidi ya sitriki, hiyohiyo inayoipa ndimu ukali, huilegeza, kisha huibana kama gando la kaa hadi ikayeyuka majini. Hapo ndipo penye hatari: ukiimwaga ardhini, ile risasi iliyokuwa imetulia juu utakuwa umeipa miguu ya kuteremkia kisimani.

Ndiyo maana udongo huchimbwa, ukatiwa kwenye tangi lisilovuja, ukakorogwa na maji ya asidi kwa saa kadhaa, kisha maji yote yakachujwa. Maji hayo hutiwa kemikali mpaka metali itue chini. Tope linalobaki ni taka ya sumu. Asidi haikuiua risasi, imeihamisha tu.

Udongo wa pwani wenye matumbawe una ukaidi wake. Utie asidi kwenye kopo uone: unatoa povu, shwaaa! Chokaa inainywa asidi kabla haijaifikia risasi. Asidi ya oksaliki nayo haifai hapa, kwani ikikutana na risasi huunda chumvi isiyoyeyuka. EDTA, kemikali ya kiwandani inayobana metali, huivuta risasi vizuri kuliko sitriki, ila hukaa udongoni muda mrefu, wakati sitriki huliwa na bakteria. Kwa metali nyingine kama kadimi na zinki, mimi ningeanza na sitriki.

Udongo uliooshwa huwa mchachu na umepungukiwa rutuba. Upimwe tena, utiwe chokaa na samadi.

Wanaosubiri usafishaji wafunike uwanja kwa nyasi au kokoto, wadeki kwa maji badala ya kufagia vumbi, na watoto wanawe mikono kabla ya kula. Mchicha wapande kwenye viroba, kwa udongo ulioletwa kutoka mbali na kiwanda.