"Nitakupeleka Ustawi": Ustawi wa Jamii ni Taaluma Gani, na Husomwaje

Mitaani Dar es Salaam neno "ustawi" lina maana moja. Mama aliyeachiwa mtoto akisema "nitakupeleka ustawi", kila aliye karibu anajua kinachofuata: ofisi ya manispaa, benchi refu, barua ya wito inayopitia kwa mtendaji wa mtaa, na baba anayeketi kuulizwa atatoa kiasi gani cha matunzo kwa mwezi. Ndiyo maana kijana akitangaza nyumbani kwamba amechaguliwa kusomea ustawi wa jamii, hakosi mjomba wa kumuuliza kama serikali sasa inasomesha watu kuamua ugomvi wa wapangaji.

Matunzo ya mtoto ni mlango mmoja tu wa nyumba hiyo, ingawa ndio uliozoeleka.

Neno lenyewe linatokana na kustawi. Mahindi yaliyopata mvua na samadi tunasema yamestawi. Yaliyodumaa tunauliza yamekosa nini. Kwa maana pana, ustawi wa jamii ni hali hiyo kwa binadamu: kula, kutibiwa, kulindwa, kuwa na mtu wa kukimbilia siku ikiharibika. Kwa maana ya pili ni idara ya serikali na huduma zake. Maana ya tatu ndiyo inayosomewa chuoni: taaluma ya kumsaidia mtu, familia au kundi lililokwama litumie nguvu zake lenyewe, ndugu zake, sheria na huduma zilizopo, lijikwamue. Neno moja limetwishwa mizigo yote mitatu, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Wapo wanaopendelea kuiita taaluma hii "kazi ya jamii", lakini jaribu kumwambia mtu unasomea kazi ya jamii. Atadhani unazibua mitaro Jumamosi ya usafi.

Mkanganyiko mwingine ni kati ya ustawi wa jamii, maendeleo ya jamii na sosholojia. Chukua kaya moja: bibi analea wajukuu watatu, na wa kati ameacha shule. Afisa maendeleo ya jamii atauliza kama bibi yumo kwenye kikundi, na kama kikundi kinaweza kuomba mkopo wa halmashauri ule wa asilimia kumi. Msomi wa sosholojia atataka kujua kwa nini kata nzima imejaa bibi wanaolea wajukuu. Afisa ustawi wa jamii ataanza na yule mtoto wa kati: kwa nini yeye, na si wenzake? Wote watatu wana kazi ya maana, na katika halmashauri nyingi wawili kati yao, wa kwanza na wa mwisho, huwa na ofisi zinazotazamana. Kenya mambo mengi ya mtoto utayakuta kwa afisa wa watoto, kwa hiyo msomaji wa Mombasa asishangae majina yakitofautiana.

Kwa upande wa Tanganyika, huduma hizi zilianza kuchukua sura baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilipofungua vituo vya ustawi ikiwafikiria askari waliorudi vitani na hawakujua pa kuanzia. Chuo cha kuandaa wataalamu wa hapa kilikuja baada ya uhuru, kwa Sheria ya Bunge Na. 26 ya mwaka 1973. Ndicho kinachojulikana leo kama Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, Dar es Salaam. Si kila anayesoma pale anasomea ustawi, maana taasisi inafundisha pia rasilimali watu na mahusiano kazini. Siku hizi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria nao wanatoa shahada ya fani hii.

Shahada ni miaka mitatu. Darasani kuna makuzi ya binadamu, sheria, unasihi, afya ya akili, ulemavu, sera, utafiti, na mbinu za kufanya kazi na mtu mmoja mmoja, na vikundi, na jamii nzima. Haya yanasomeka, na mwenye bidii anafaulu. Kinachomtenganisha mwanafunzi na mwenzake ni mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wenyewe huyaita fildi.

Fildi ni majuma kadhaa ya kukaa kwenye kituo cha kazi halisi: ofisi ya halmashauri, hospitali, mahabusu ya watoto, makao ya wazee, gereza, shirika. Unakuwa na wasimamizi wawili, wa kituo na wa chuo, na logibuku, daftari la kumbukumbu za kazi, ya kujaza kila siku. Wengine huijaza yote usiku wa mwisho kwa kalamu mbili za rangi tofauti ili ionekane ya siku nyingi. Msimamizi mzoefu anaijua mbinu hiyo kwa sababu naye aliitumia.

Yangu ya mwaka wa pili ilikuwa hospitali ya mkoa. Ofisi ya ustawi hospitalini ndiyo inayoshughulikia, pamoja na mengine, wagonjwa wasioweza kulipa: unamhoji mtu, unapima hali yake, unapendekeza apewe msamaha au la. Siku yangu ya tatu nilikabidhiwa bibi mmoja aliyekuwa akimuuguza mjukuu. Nilikaa mbele yake na fomu. Una ndugu? Hapana. Kipato kwa mwezi? Sina. Kuna mtu wa kukusaidia? Hakuna. Nikaandika: "Mteja hana ndugu wala msaada wowote." Dakika nne, kazi imekwisha, nikajiona bingwa.

Msimamizi wangu, mzee wa miaka hamsini na kitu, aliisoma ile karatasi akaniuliza, "Hana ndugu, nani kakwambia?" Nikamjibu kasema mwenyewe. Akainuka, akaenda wodini, nikamfuata. Akamwamkia yule bibi, akavuta kigoda, akauliza habari za mtoto, za usingizi, za njia. Kisha akauliza, "Na kuku wako, mama, umewaachia nani?"

Bibi akacheka kwa mara ya kwanza. Kuku kawaachia jirani, ambaye pia ndiye aliyewakopesha nauli. Shamba analiangalia mdogo wa marehemu mumewe. Na yuko kijana aliyemlea tangu mdogo, sasa anaendesha bodaboda Chalinze, ila hajaambiwa kwa sababu bibi hana vocha na anaogopa kumtia presha. Watu watatu ndani ya dakika kumi, wote walikuwepo nilipoandika hakuna. Kijana alipigiwa simu kwa simu ya ofisi. Alifika keshokutwa yake. Msamaha bibi alipewa vilevile, kwa sababu hata hao watatu wakijumlishwa wasingemaliza bili, lakini alitoka pale akiwa na mtu wa kumbebea mtoto na wa kumrudisha kliniki.

Hiyo kitaalamu inaitwa tathmini. Vitabuni inachorwa kwa mishale na visanduku, na mchoro una faida yake. Lakini mtu aliyefedheheka, ukimuuliza "una ndugu?", husikia "kwa nini ndugu zako wamekutupa?", naye hufunga mlango. Ukimuuliza kuhusu kuku unakuwa umemkumbusha kwamba ana nyumba, na nyumba ina watu.

Kosa langu la pili lilikuja siku hiyohiyo jioni. Nilitoa elfu tano mfukoni, bumu, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa limeingia, nikampa yule bibi. Msimamizi hakunifokea. Aliniuliza tu wa kitanda cha pili yake nimempa nini. Ndani ya siku mbili wodi nzima ilijua kuna kijana wa ustawi anagawa hela, na kila niliyemhoji alianza kwa kunieleza njaa. Sisemi kwamba kutoa ni vibaya. Sisi sote tumelelewa kwa kutoa. Ila sadaka na taaluma zina milango tofauti. Ukiichanganya, aliye mbele yako anaanza kukueleza anachodhani kitakufungua mkono, na wewe hutaujua tena ukweli wake.

Jambo jingine ambalo fildi inalifundisha kwa ukali ni kuandika. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na akifikishwa mahakama ya watoto, afisa ustawi wa jamii anaandaa ripoti ya uchunguzi wa kijamii ambayo hakimu anaisoma kabla ya kuamua hatima yake: arudi nyumbani chini ya uangalizi, au apelekwe shule ya maadilisho kule Irambo, Mbeya. Sasa tazama sentensi mbili za mwanafunzi. Ya kwanza: "Mama wa mtoto ni mzembe na hajali malezi." Ya pili: "Nilifika saa nne asubuhi. Mama alikuwa ameondoka tangu saa kumi na moja kwenda kununua samaki Feri. Mtoto alikuwa amebaki na mdogo wake wa miaka miwili. Uji ulikuwa kwenye chupa." Nyumba ni ileile. Ya kwanza ni hukumu iliyotolewa na asiye hakimu. Ya pili inamwonyesha hakimu alichokiona mwandishi, na inamwachia nafasi ya kuuliza kwamba kumbe tatizo ni nani wa kushika watoto alfajiri. Kama ningeruhusiwa kufundisha somo moja tu katika miaka mitatu, ningefundisha tofauti ya sentensi hizi mbili.

Usiri nao hujaribiwa mapema. Utapanda daladala na mwenzako mkiwa na shauri la kusisimua mdomoni, na kiti cha nyuma ameketi shangazi wa mteja. Mji mdogo hauna mgeni. Usiri huo una mpaka wake: mtoto akiwa hatarini, huwezi kukaa kimya kwa kuwa uliahidi hutasema. Kwa hiyo usimuahidi. Mwambie tangu mwanzo kwamba baadhi ya mambo utalazimika kuyafikisha kwa watu wengine, na umtajie watu hao ni nani.

Kuhusu ajira, nitasema kifupi. Mwenye shahada huajiriwa serikalini kama Afisa Ustawi wa Jamii Daraja la II, maombi yakipitia Sekretarieti ya Ajira, na wengi husubiri kwa muda mrefu wakijitolea ofisi zilezile walikofanyia fildi. Mashirika huajiri kwa mikataba ya mradi, na mradi ukifungwa na mkataba unakwisha. Anayetaka kujiandaa vizuri asiache mwaka wa tatu ufike bila kujua hospitali ya wilaya yake ina huduma gani, Dawati la Jinsia na Watoto liko kituo gani cha polisi, fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa hospitali, inatolewa vipi, na kwamba simu namba 116 ni ya msaada kwa mtoto. Rufaa, yaani kumuelekeza mtu kwenye huduma nyingine, ni nusu ya kazi hii, na huwezi kumuelekeza mtu mahali usipopajua.

Kwenye usaili kuna swali ambalo huja kwa sura nyingi. Umekwenda kutembelea kaya, umemkuta mtoto wa miaka tisa ana alama za waya mgongoni. Baba yake ni mtu anayeheshimika mtaani. Unafanya nini? Wengi hujibu haraka: natoa taarifa polisi, nampeleka hospitali. Ni sahihi, na wajumbe wa usaili huandika alama. Kisha mmoja wao huinua macho na kuuliza, "Umetoka polisi, umetoka hospitali, sasa ni saa tatu usiku. Mtoto analala wapi?"

Aliyesoma notisi peke yake hutazama dari. Aliyekaa fildi anajua kwamba kwenye ofisi aliyokuwepo kulikuwa na orodha ya walezi wa kuaminika, familia zilizochunguzwa na kupewa mafunzo ili zimpokee mtoto kwa dharura, na kwamba mlezi mmojawapo simu yake haipatikani usiku, kwa hiyo unaanza na wa pili.