Je, wajua kwa nini rekodi ya Robert Cheruiyot ilivunjwa na Robert Cheruiyot?

Aprili 2006, Mkenya Robert Cheruiyot alishinda marathoni ya Boston, Marekani, kwa muda wa 2:07:14. Kwa sekunde moja tu aliipiku rekodi ya mbio hizo iliyowekwa na Mkenya mwenzake Cosmas Ndeti mwaka 1994. Rekodi mpya ikadumu miaka minne. Aprili 2010 mtu mwingine akakata utepe wa Boston kwa 2:05:52, na huyo naye jina lake ni Robert Cheruiyot.

Ukiipitia orodha ya washindi harakaharaka utadhani ni mtu mmoja aliyezidi kuchanganya miguu kadiri umri ulivyosonga. Siye. Wa kwanza ni Robert Kipkoech Cheruiyot, mzaliwa wa mwaka 1978 kutoka upande wa Kapsabet, Nandi, bingwa wa Boston miaka ya 2003, 2006, 2007 na 2008. Wa pili ni Robert Kiprono Cheruiyot, mzaliwa wa 1988 kutoka Bomet. Hawana undugu. Mwaka 2009 wote wawili walikuwemo katika mbio hizohizo za Boston: mkubwa, aliyekuwa akitetea taji, hakumaliza, mdogo aliingia wa tano. Nawahurumia watangazaji wa siku ile.

Wala si kisa cha pekee. Novemba 2011, Geoffrey Mutai alishinda marathoni ya New York, na nyuma yake akaingia Emmanuel Mutai. Si ndugu. Aprili 2014 jijini London, Edna Kiplagat alishinda kwa 2:20:21 na Florence Kiplagat akawa wa pili kwa 2:20:24, sekunde tatu tu kati yao. Hao pia si ndugu. Kipchoge Keino, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mwaka 1968, na Eliud Kipchoge, bingwa wa marathoni ya Olimpiki ya 2016 na ile ya 2020 iliyofanyika 2021, wote ni Wanandi, lakini anayewadhani babu na mjukuu kapotea njia. Kwa Keino, Kipchoge ni jina lake mwenyewe. Kwa Eliud ndilo linalokaa mwisho.

Kwa nini basi? Jibu liko katika namna Wakalenjin, jamii ya Bonde la Ufa inayotoa wengi wa wakimbiaji hawa, wanavyomwita mtoto anapozaliwa.

Kwa jadi mtoto hakuwa na jina moja. Lilikuwepo la wahenga: majina ya waliokwisha kufa yalitajwa moja baada ya jingine, na lile lililotajwa mtoto akapiga chafya, basi huyo ndiye mhenga aliyerudi. (Ugoro kidogo puani uliwasaidia wahenga kufanya uamuzi mapema.) Jina la pili, ambalo ndilo lililotumika kila siku, liliitwa kainetab musarek, yaani jina la uji. Hilo lilieleza hali ya kuzaliwa: saa, mahali, hali ya hewa, shughuli iliyokuwa ikiendelea. Mvulana alipewa mwanzo wa Kip- au Ki-, msichana Chep-, Che- au Jep-, kisha ikafuata hali yenyewe.

Na kwa kuwa hakukuwa na saa ukutani, muda ulipimwa kwa mifugo. Koech ni alfajiri, kwa hiyo Kipkoech na Chepkoech. Ngetich ni wakati ng'ombe wanapotolewa kwenda malishoni. Bet ni mchana, ndiko wanakotoka akina Kibet na Chebet. Rono ni jioni mbuzi na kondoo wanaporejea, na rotich ni ng'ombe wanaporudi zizini. Lagat ni giza linapoingia. Cheruiyot ni aliyezaliwa watu wamelala. Nje ya saa, yupo Kiprop aliyekuja na mvua, Kipsang aliyezaliwa nje ya nyumba, Kipchoge aliyezaliwa karibu na ghala la nafaka, na Kipchirchir aliyekuja kwa haraka, jina ambalo Rais William Ruto analo pia. Kwa hiyo majina ya kati ya wale Robert wawili yanatuambia kwamba mmoja ni wa alfajiri na mwingine ni wa jioni.

Sasa tazama hesabu yake. Siku ina saa zilezile kila mwaka, na mifugo hutoka na kurudi vilevile kila boma. Majina ya namna hii hayawezi kuwa maelfu. Tuseme, kwa mfano tu, kuna majina 20 na kila moja lina nafasi sawa ya kutolewa. Ukiwakusanya watu sita ovyo, uwezekano wa wawili kati yao kuwa wajina unafika asilimia 56. Watu sita! Kundi la mbele la marathoni kubwa huwa na zaidi ya hao, na mara nyingi wengi wao wanatoka kaunti chache zinazopakana: Nandi, Uasin Gishu, Elgeyo-Marakwet, Kericho, Bomet, Baringo. Kwa hesabu hiyo, akina Mutai wawili kuongozana New York hakushangazi.

Lakini kurudiwa kwa majina ya uji hakukuwahi kuwa tatizo kijijini, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kijijini Kiplagat hakutambulishwa kwa Kiplagat peke yake. Alikuwa na ukoo, na ukoo una mnyama wake, tiondo: simba, tembo, nyuki na wengineo. Alikuwa na rika lake la jando, mfano Sawe, Kaplelach au Kimnyige. Na alikuwa na jina la baba. Kijana akishatoka jandoni aliitwa arap fulani, yaani mwana wa fulani, na jina la baba likakatwa kile kichwa cha Kip- au Ki-. Mwana wa Kipruto akawa arap Ruto. Rais wa pili wa Kenya, Daniel arap Moi, baba yake aliitwa Kimoi, na baba huyo mwenyewe alikuwa arap Chebii. Umeona? Vizazi viwili, na jina la mwisho halikurithiwa. Kila baba alimwachia mwanawe jina lake, na mjukuu akapata jipya.

Makaratasi ndiyo yaliyoligandisha. Misheni ilileta majina ya ubatizo, Robert na Geoffrey na Edna. Serikali ya kikoloni ikaleta kipande, yaani kitambulisho cha lazima kwa wanaume wa Kiafrika, kwa sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kisha zikaja shule, vyeti na pasipoti. Kila fomu ilitaka jina la mwisho la kudumu. Mtu angeweza kuandika ukoo, lakini ukoo haukuwa neno la kumwita mtu, basi likaandikwa jina la baba au la babu, na likabaki hapohapo kwa watoto na wajukuu. Matokeo yake, jina la kati limetoka kwenye kapu la majina ya uji, na jina la mwisho limetoka kwenye kapu hilohilo, kizazi kimoja au viwili nyuma. Yale yaliyomtofautisha mtu kwelikweli, yaani ukoo, mnyama na rika, hayakupata kisanduku kwenye fomu.

Ndiyo maana ukiona Cheruiyot au Kiplagat mwishoni mwa jina usidhani umeona ukoo. Hapa Wakalenjin ni tofauti kabisa na Wachaga wa Kilimanjaro, ambao Massawe, Mushi au Lyimo wao ni koo kweli; Massawe wawili wakikutana wana haki ya kuanza kuulizana habari za kihamba, yaani shamba la ukoo. Cheruiyot wawili wakikutana Eldoret hawana cha kuulizana kwa sababu ya jina hilo. Wanaweza hata kuoana. Kilichozuia ndoa kwa jadi ni ukoo na mnyama wake, na hilo halisomeki kwenye kitambulisho.

Hali hiyo inaeleza pia jambo linalowatatiza wageni: mwanamke anayeitwa Kiplagat, wakati Kip- ni ya kiume. Jina la kike lingekuwa Chelagat. Kiplagat ni la baba au la mume, limebaki kwenye makaratasi. Kinyume chake kipo vilevile. Timothy Cheruiyot, bingwa wa dunia wa mita 1500 mwaka 2019, na Evans Chebet, mshindi wa Boston mwaka 2022 na 2023, ni wanaume. Kanuni ya Kip na Chep inasaidia, ila usiiwekee dhamana.

Kile kichwa kilichokatwa nacho kimezaa msururu mwingine. Rono na Kiprono ni jina moja, lenye kofia na lisilo na kofia. Vivyo hivyo Koech na Kipkoech, Lagat na Kiplagat, Rotich na Kiprotich. Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, na Robert Kiprono wa Bomet wana jioni ileile katika majina yao.

Majirani wana mifumo inayokaribiana na huu. Waluo humwita aliyezaliwa usiku Otieno au Atieno, wa asubuhi Okinyi au Akinyi. Pwani tuna akina Juma na Khamis, Mwanajuma na Mwanakhamis, na foleni ya benki yoyote Zanzibar itakuonyesha nini hutokea siku za wiki zinapokuwa majina ya watu.

Mpaka wa nchi nao haukuyazuia majina ya uji. Wasebei wa Kapchorwa, upande wa Uganda wa Mlima Elgon, ni wa jamii hiyohiyo ya Kikalenjin na majina ni hayohayo. Katika marathoni ya Olimpiki ya London mwaka 2012, dhahabu ilikwenda kwa Mganda Stephen Kiprotich, fedha kwa Mkenya Abel Kirui. Wa tatu ni Mkenya tunayemjua kama Wilson Kipsang, ila matokeo rasmi yalimwandika kwa majina yake matatu: Wilson Kipsang Kiprotich. Kwa hiyo jukwaani walipanda akina Kiprotich wawili chini ya bendera mbili. Ukitaka kufuatilia mbio za mmoja wao, au za Robert yeyote, usitafute kwa jina la mwisho: shika jina la kati, kisha hakikisha tarehe ya kuzaliwa.