Pombe huleta usingizi, ila haiulindi

Wengi huamini kwamba glasi moja kabla ya kulala huleta usingizi mzuri. Nusu ya imani hiyo ni kweli: pombe hupunguza kasi ya ubongo, na mtu husinzia mapema. Shida huanza ini linapoisafisha.

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi, na ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Anayemaliza chupa mbili saa 4 usiku, huenda pombe hiyo ikaisha kusafishwa kati ya saa 8 na saa 10 usiku. Hapo ubongo uliokuwa umetulizwa huchangamka, moyo huenda mbio, na mtu hugutuka. Usingizi wa ndoto, uliobanwa tangu mwanzo, hukatikakatika. Kibofu nacho hudai haki yake, maana pombe huzuia homoni inayopunguza mkojo.

Misuli ya koo hulegea pia, hivyo anayekoroma hukoroma zaidi. Mwenye tatizo la pumzi kukatika usingizini yumo hatarini hasa.

Ukinywa, acha zipite saa 3 au 4 kabla ya kulala. Ukizidisha chupa moja, ongeza muda. Usichanganye kamwe na vidonge vya usingizi: pumzi inaweza kusimama.